Mnazi Usioruhusiwa Kupandwa

Katika mashamba mengi ya Kilifi na Kwale, Pwani ya Kenya, yenye wamiliki wanaoishi mbali, skwota, yaani mkulima asiye na hati, huachwa apande mahindi na muhogo, lakini mnazi, mkorosho na mwembe ni marufuku, sawa na nyumba ya mawe. Sababu yake haina siri. Muhogo hung'olewa ukaisha, ilhali mnazi huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na aliyeungoja muda wote huo ana la kudai. Kwa marufuku hiyo mwenye hati anakiri asichotaka kukiri: jasho la miaka huzaa haki ambayo karatasi haiwezi kuifuta. Kama haamini hivyo, mti anauogopea nini?

Karatasi yenyewe ina historia yake. Utumwa ulifutwa kisheria Pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya hatimiliki: mwenye dai alithibitishe, na ardhi isiyodaiwa iwe mali ya Ufalme wa Uingereza. Waliojua njia ya ofisini wakaandikishwa. Wamijikenda wengi, pamoja na waliotoka utumwani, wakageuzwa wavamizi wa mashamba waliyokuwa wakiyalima wenyewe.

Mcha Mungu atapinga kuwapa ardhi hiyo wanaoilima, akisema kwamba dini zetu zinalinda mali, na kwamba Hadithi inayompa ardhi mfu aliyeifufua inahusu ardhi isiyo na mwenyewe. Hapo mafakihi wako sahihi. Lakini imepokewa pia kwamba Bilal bin al-Harith alipewa ardhi ya al-Aqiq na Mtume mwenyewe, kisha Khalifa Umar akamwachia kiasi alichoweza kukilima na iliyobaki akawagawia Waislamu. Ikiwa zawadi ya Mtume ilipimwa kwa matumizi yake, hati ya msajili wa kikoloni ina utukufu gani hata isiguswe? Kwa Wakristo, Thomas Aquinas alifundisha kwamba anayechukua cha mwenzake kwa dhiki kuu ya njaa haibi, maana vitu vya dunia viliumbwa kwanza kwa ajili ya mahitaji ya wote.

Wengine hutaja unyakuzi wa mashamba Zimbabwe kuanzia mwaka 2000, na hofu yao si ya kudharauliwa. Ila kule yalivunjwa mashamba yaliyokuwa yakizalisha kwa wingi. Huku mkulima yuko shambani tayari, anachokosa ni ruhusa ya kupanda kitakachomlisha kwa miaka ijayo. Nao wanaoona gunia la msaada linatosha wasome Katiba ya 2010: kifungu cha 43 kinaita chakula haki, na haki haiombwi kwa kupanga foleni kila mvua zinapokosekana. Aliyenunua kihalali, bila kujua kilichotangulia, alipwe fidia, na fidia hiyo ilipwe na serikali, mrithi wa ofisi iliyoandika hati zile. Kumtaka skwota anunue alicholima babu yake ni kumtoza mara ya pili.