Msitu wa Wote na Njaa ya Mmoja

Kijiji kinapokaa mkutano na kupiga marufuku ukataji wa miti, hupigiwa makofi, nacho chastahili makofi hayo. Lakini siku ya pili amri ile humkuta mtu. Mara nyingi haimkuti mwenye ng'ombe mia wala mwenye duka, bali yule asiye na kitu ila shoka lake na mikono miwili. Hapo ndipo lizukapo swali ambalo leo twataka kulitazama pamoja na wasomaji wetu. Je, ni haki kumzuia maskini asikate mti wa wote, ikiwa mti huo ndio chakula cha watoto wake? Na tukimzuia, tuna deni gani kwake?

Tutazame mahali penyewe, maana maswali ya haki hupotea upesi yakizungumzwa hewani. Puge ni kata ya wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, karibu nusu ya njia kati ya mji wa Tabora na mji wa Nzega. Hata barabara ya lami ya njia hiyo ilijengwa kwa vipande viwili, kimoja kikiishia Puge na kingine kikianzia hapo. Ni nchi ya Wanyamwezi, na pamoja nao wamo Wasukuma wenye mifugo yao. Mvua ni ya msimu mmoja, kisha huja kiangazi kirefu. Mwaka ambao mvua hukatika mapema, mkulima aliyevuna makapi hana pa kukimbilia ila porini. Hukata miti, huipanga, huifukia kwa udongo, huchoma mkaa, na gunia hulisimamisha kando ya barabara. Lori hupita, na fedha hupatikana siku ile ile. Pamba humngoja mkulima msimu mzima, mkaa haumngoji.

Basi tuweke mfano. Mtu mmoja wa kijiji cha namna hiyo amekamatwa na magunia matatu. Halmashauri ya kijiji inakaa kumwamua. Mjumbe mmoja asema: sheria ni sheria, alipe faini. Mwingine asema: huyu ana watoto watano na ghala lake ni tupu, tumwache aende zake. Nani asema kweli?

Yule wa pili ana neno ambalo hatuwezi kulipuuza. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, wala hawakusema hivyo ili kuwasifu wavunja miiko. Walitaka kutuonya kwamba anayeweka miiko imempasa kwanza kuuliza habari za njaa. Walisema pia kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni rahisi kuupenda msitu kwa mtu ambaye jioni atakula bila kuugusa. Faini inayotozwa mtu asiye na kitu humfanya auze jembe au mbuzi wake wa mwisho, na mwezi ujao atarudi porini usiku, akiwa maskini zaidi na mjanja zaidi. Sheria ya namna hiyo hailindi miti, bali huwafundisha watu kujificha.

Lakini yule wa kwanza naye ana neno. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa yaweza kula kilo nane hata kumi za kuni. Magunia matatu si matawi matatu. Nayo miti ya porini, miyombo na mitundu na mininga, haioti kama mahindi. Mninga huhitaji miongo mingi mpaka utoe mbao, hata aliyeuona ukichipua huenda asiuone ukipasuliwa. Kwa hiyo anayekata ovyo leo hamdhulumu jirani yake tu. Awadhulumu pia watu ambao hawajazaliwa, na miongoni mwao ni wajukuu wake mwenyewe. Hao hawana sauti. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria za nchi yetu, ni mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Asiyezaliwa hana mkono wa kuinua. Mjumbe anayesema "tumwache aende zake" huona kwamba ametoa sadaka, lakini sadaka hiyo ameitoa katika mfuko wa mtu asiyekuwapo.

Twaona, basi, kwamba hapa hatuna haki upande mmoja na huruma upande wa pili. Tuna wahitaji wawili: mmoja yupo mbele ya halmashauri na anaonekana, mwingine yu mbali nasi katika wakati na haonekani. Kumtoza faini mtu na kunyamaza ni kumsahau yule wa kwanza. Kufumba macho ni kumsahau yule wa pili. Yote mawili ni kosa, na vijiji vingi hufanya yote mawili kwa zamu, mwaka huu ukali, mwaka ujao ulegevu.

Je, iko njia ya tatu? Iko, na wazee wa nchi hiyo waliijua kabla ya maofisa wa misitu kuzaliwa. Wasukuma na Wanyamwezi wana desturi iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho na vichaka hufungwa, isikanyagwe na mfugo. Kiangazi kinapokaza, Julai au Agosti, majani ya mahali pengine yanapokwisha, ngitili hufunguliwa, sehemu baada ya sehemu, kwa ajili ya ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Baadhi ya ngitili ni za jamaa, nyingine ni za kijiji chini ya wazee. Wasomaji waangalie vizuri maana iliyomo ndani yake. Ngitili haifungwi ili ifungwe milele, hufungwa ili ifunguliwe siku ya shida, na hufunguliwa kwanza kwa aliye dhaifu. Makatazo na msaada si vitu viwili humo, bali kitu kimoja chenye majira mawili.

Majirani wa Puge upande wa kaskazini, watu wa Shinyanga, walijifunza thamani ya desturi hiyo kwa kuipoteza. Miti ilifyekwa tangu wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o, pamba ikadai mashamba mapana, mifugo ikaongezeka, kisha katika miaka ya 1974 na 1975 watu walihamishiwa katika vijiji vipya, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe. Mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi tu. Mradi ule, baada ya kuwasikiliza wenyeji, ulijengwa juu ya desturi yao wenyewe: jamaa na vijiji vilirudishiwa madaraka ya kufunga na kufungua. Mwanzoni mwa karne hii hekta zilizorudishwa zilikuwa zimepita 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na kuni, majani ya kuezekea, dawa, asali na malisho vikarudi pamoja nazo. Watu walilinda kwa sababu waliahidiwa kula, na ahadi ile ikatimizwa.

Jambo kama hilo limeonekana hata katika mkaa wenyewe. Katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kuanzia mwaka 2012, baadhi ya vijiji vilitenga sehemu ndogo ya misitu yao kwa ajili ya mkaa na kuigawa kwa mpango wa miaka 24. Kila mwaka hukatwa sehemu yake tu, nayo huachwa ichipue mpaka zamu yake irudi. Mchoma mkaa hupata kibali na hufanya kazi mchana, mbele za watu. Kijiji hutoza ushuru, na mapato yameingia katika kazi za wote kama madarasa na afya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji uwezo wa kuwa na misitu yao na kuitunza. Lakini uwezo ulioandikwa katika kitabu haufungui wala haufungi chochote, mpaka wanakijiji wenyewe wakae na kupanga.

Wapo wasemao kwamba jina la mtemi, mtawala wa Wanyamwezi wa zamani, latokana na kutema, yaani kukata: yeye ndiye aliyekata pori ili watu wakae, naye ndiye aliyekata maneno ya wagombanao. Utawala wa watemi ulikomeshwa kisheria mwaka 1963, na leo kazi hiyo ni ya halmashauri ya kijiji, watu 15 hata 25 waliochaguliwa na wenzao. Lakini kazi yenyewe haikubadilika. Anayetawala ndiye anayejua pa kukata na pa kuacha, naye hana ruhusa ya kujua nusu yake tu. Halmashauri inayojua kukataza peke yake haijatawala bado.

Yuko mtu mwingine katika habari hii ambaye hajaitwa mbele ya halmashauri, naye ni mnunuzi. Nchi ya Tabora ilizoea wapitaji. Katika karne ya 19 misafara ya pembe kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilitembea kwa miguu ya wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi. Msafara ulipolala mahali, ulikula chakula cha mahali, ulikunywa maji yake na kuchoma kuni zake. Kulipopambazuka ukaenda zake, mwenyeji akabaki. Kwa sababu hiyo watawala wa njiani walidai hongo. Neno hilo wakati ule lilikuwa na maana ya ushuru uliotolewa waziwazi na mpitaji kwa wenye nchi. Leo maana yake imegeuka kuwa fedha inayotolewa gizani ili mwenye nchi asijue. Geuko hilo la neno latuambia mengi. Lori la mkaa ni msafara wa siku hizi, na swali ni lile la kale: je, mpitaji amelipa, na amemlipa nani?

Mpitaji huyo si dereva peke yake. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania hutumia tani milioni moja hivi za mkaa kwa mwaka, na nusu hivi kuchomwa Dar es Salaam. Nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili zina jiko la mkaa. Hatusemi hivyo ili kumlaumu mama anayepika maharage ya watoto wake, maana mtungi wa gesi una bei yake. Serikali ilitangaza mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha Watanzania 80 kwa mia kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na kila nyumba inayoweza kuufuata isingoje ya jirani. Lakini maadamu twanunua mkaa, hatuna budi kukubali kwamba shoka lile lina mpini mrefu, na mkono wetu nao umo mpinini. Haifai mji ule faida ya mti, kisha kijiji kibebe lawama, na ndani ya kijiji abebe yule aliye maskini kupita wote.

Mtu atatuuliza: kijiji maskini kitatoa wapi cha kumpa aliyezuiwa? Twajibu kwamba hatuombi kijiji kigawe fedha ambazo hakina. Twaomba kitu ambacho kinacho. Kinacho kibali cha kutoa kwa zamu, na zamu ya kwanza yaweza kuwa ya mjane na ya aliyekosa mavuno. Kinazo faini na ushuru, ambavyo vyaweza kusomwa hadharani katika mkutano mkuu, shilingi kwa shilingi, na sehemu yake ikawekwa kuwa akiba ya mwaka wa njaa. Kinazo kazi za ulinzi wa msitu na bustani za miche, ambazo mchoma mkaa wa jana aweza kuzifanya kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa hakuna aijuaye miti kama yeye. Na zaidi ya yote kinaweza kuanza sheria kwa wenye nguvu. Siku mwenye kundi kubwa atakapotozwa kwa kuingiza ng'ombe katika eneo lililofungwa, sawasawa na mwenye gunia moja, ndipo kijiji kizima kitakapoamini kwamba msitu ni wa wote.

Mchoma mkaa naye ana wajibu wake. Mlango halali ukifunguliwa, asipite dirishani. Shida ilimpa haki ya kusaidiwa, lakini haikumpa haki ya kuwanyima wengine msaada ule ule kesho. Akiba haiozi, na msitu ni akiba ambayo hata fukara wa mwisho kijijini ana fungu lake ndani yake. Akiumaliza, amejimalizia benki pekee ambayo haikumwuliza ana dhamana gani.

Jawabu letu, basi, ni hili. Kijiji kina haki ya kumzuia maskini asikate mti wa wote, lakini haki hiyo haisimami peke yake. Inasimama siku ile ile kijiji kinapomwonyesha mahali pengine pa kupata riziki, na inaanguka siku kijiji kinapomwonyesha faini tu. Hivyo mahali popote, Puge au kwingineko, mkutano mkuu ukiitishwa kwa habari ya misitu, twawasihi wanaokaa mezani wasiishie kuuliza nani amekata. Waulize pia, kwa sauti ile ile na mbele ya watu wale wale: huyu tuliyemzuia leo, nyumbani kwake watakula nini?