Nani Atajua Kama Unategea?



Leo nina swali moja tu, na ni swali la mtumbwini. Mko watu wengi, mnapiga kasia pamoja. Hakuna anayeweza kujua kama wewe unavuta kweli au unagusagusa maji tu. Kwa nini basi uvute kwa nguvu zako zote?

Najua wengi mmeshajibu: "Kwa sababu Mungu anaona." Jibu hilo ni la kweli na tutalifikia. Ila mara nyingi tunalisema vibaya, kwa hiyo twende polepole.

Mwaloni

Sisi wa Pasiansi, Mwaloni Kirumba si mbali. Ni mwendo mfupi tu wa daladala. Wengi wanapajua kama soko la samaki na dagaa, mahali ambapo hata wafanyabiashara wa nchi jirani wanakuja kununua mzigo. Lakini miaka ya 2010 Mwaloni palijulikana pia kwa jambo lingine: fainali za mashindano ya mitumbwi ya Balimi. Ndiyo, yalidhaminiwa na bia, tusijifanye hatujui. Yalikuwa na msimu wake kamili. Mchujo ulipita kituo kwa kituo kanda ya ziwa, wanaume na wanawake, hata wa Kigoma kutoka Ziwa Tanganyika walishiriki, kisha waliofuzu wakakutana Mwanza kumaliza ubishi.

Anayetazama mashindano ya mitumbwi akiwa ufukweni huona kitu kimoja vizuri sana, nacho ni mwendo wa pamoja. Makasia yanaingia majini pamoja na kutoka pamoja, na aliye nyuma anaongoza chombo. Mtu akikosea mapigo, hata mtoto anamwona.

Lakini kuna kitu ambacho hakionekani, nacho ni uzito. Kasia lililobeba nguvu zote za mtu na kasia lililoteremshwa tu majini yanaweza kwenda kwa mapigo yaleyale. Mtegeaji mzoefu hakosei mapigo. Jasho linamtoka kama wenzake, kwa sababu jua ni lilelile. Mtumbwi ukishinda, naye ameshinda. Ukishindwa, naye atasema upepo ulikuwa mbaya.

Wenye vyuo wamejaribu kupima

Nchi ambazo mchezo huu unachezwa vyuoni zimelijua tatizo hili siku nyingi. Oxford na Cambridge walianza kushindana kwa makasia mwaka 1829. Kule Marekani, kila Oktoba, timu nyingi za vyuo hukutana Boston kwenye mashindano ya Head of the Charles, yaliyoanza mwaka 1965. Mitumbwi huondoka mmoja baada ya mwingine, na mshindi hupatikana kwa saa, baada ya kilomita karibu 5 za mto. Wapiga makasia wao hukaa wameupa mgongo mwisho wa safari. Anayeuona mwisho ni mmoja tu, yule mdogo anayeshika usukani na kuwapigia kelele. Wengine wanavuta kwa kumwamini.

Sasa makocha wao wamjueje anayetegea? Wana mashine za nchi kavu zinazopima nguvu ya kila mmoja. Tena wana mbinu nyingine. Wanachukua mitumbwi miwili na kuishindanisha. Halafu wanabadilishana mtu mmoja mmoja, wa huku aende kule na wa kule aje huku, na mbio zinarudiwa. Mtumbwi uliokuwa nyuma ukipita mbele, kocha ameshapata jibu lake.

Ni mbinu nzuri, lakini angalia inachotuambia. Mtu amekaa katikati ya watu wanane, mchana kweupe, kocha akimtazama, na bado haijulikani anavuta kiasi gani mpaka mbio zirudiwe. Na jibu lenyewe ni la siku hiyo. Kesho anaweza kutegea.

Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, alipima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Aliona kwamba kadiri watu walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu kidogo zaidi. Walipofika wanane, kila mtu kwa wastani alikuwa akitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kukosa mwendo mmoja. Lakini watafiti wa mwaka 1974 waliwafunga watu vitambaa machoni na kuwafanya waamini kwamba wenzao wanavuta nyuma yao, kumbe wako peke yao. Bado nguvu zilipungua. Kule kuamini tu kwamba "tuko wengi" kulitosha kulegeza mikono.

Hapa, ndugu yangu, hatuzungumzii makasia tena. Tunazungumzia ile kazi ya kikundi chuoni yenye majina saba juu ya karatasi, iliyoandikwa na mtu mmoja usiku wa manane. Tunazungumzia kwaya, ambako mdomo unafunguka na sauti haitoki. Tunazungumzia usafi wa kanisa, ambako fagio moja limezungukwa na watu kumi wanaopiga stori. Hapa Pasiansi tuna chuo kilichoanza mwaka 1966, kinachofundisha askari wa wanyamapori. Askari huyo akimaliza masomo atatumwa porini, na usiku fulani ni yeye mwenyewe atakayejua kama doria ilifanyika au iliandikwa tu kitabuni.

Pete ya mchungaji

Plato, katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, anamleta Glaukon na hadithi ya mchungaji wa Lidia aliyeokota pete. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Hakuchukua muda, akaingia ikulu, akamuua mfalme na kutwaa ufalme. Swali la Glaukon ni gumu: ukimpa mwenye haki na mwovu pete kama hiyo, je, wataishi tofauti? Au sote tu wema kwa sababu tunaonekana?

Tukiwa darasani na hadithi hii, wengi husema haituhusu, maana pete kama hiyo haipo. Mimi naona ipo, na ni kundi. Huhitaji uchawi ili usionekane. Jiunge na watu wengi wanaofanya kazi moja, basi.

Kwa hiyo turudi kwenye swali letu: kwa nini uvute? Naona majibu matatu.

La kwanza ni hofu. "Mungu anaona," maana yake kuna kamera mbinguni. Shida ya jibu hili ni kwamba linamwacha mtegeaji akiwa mtegeaji, ila amekosa nafasi. Moyoni angependa kamera izimwe.

La pili ni sifa. Navuta ili nionekane ninavuta. Jibu hili linafaa siku ya fainali, watu wakiwa wamejaa ufukweni. Kwenye mazoezi ya alfajiri halina nguvu, maana hakuna wa kupiga makofi.

La tatu ni haki. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni utashi thabiti na wa kudumu wa kumpa kila mtu kilicho chake. Sasa fikiria mtumbwini. Mwili wako umeketi humo na una uzito. Usipovuta, uzito wako haupotei, unahamia kwenye mabega ya mwenzako. Kwa hiyo nguvu zako si zawadi unayoipa timu ukijisikia. Ni deni, na mwenye kukudai ni yule aliyeketi mbele yako na yule aliyeketi nyuma yako. Yule ambaye hakuja kabisa amewapunguzia wenzake mkono, ila hakuwaongezea mzigo. Aliyekuja akategea amekuwa abiria, anabebwa na watu wanaodhani anawasaidia.

Tena anajidhuru mwenyewe. Plato alilisema hili kwa namna yake, kwamba udhalimu unaivuruga roho ya anayeutenda hata asipokamatwa. Mtazame mtegeaji siku ya ushindi. Wenzake wanakumbatiana, naye anakumbatiana nao, lakini furaha yake anaiigiza. Anajua peke yake kwamba hakuwemo.

Lakini vipi kuhusu mnyonge?

Hapo kuna hatari, na lazima niiseme. Tukishajua kwamba watu wanategea, tunaanza kuwatafuta. Tunageuka makocha wa roho za wenzetu.

Kumbuka mama mjane katika Injili ya Marko, sura ya 12. Aliweka senti mbili kwenye sanduku la hekalu. Kwa hesabu ya mhasibu, ametegea. Kwa hesabu ya Yesu, ametoa kuliko wote, kwa sababu wengine walitoa ziada yao, yeye alitoa riziki yake yote. Kasia jepesi linaweza kuwa la mvivu, na linaweza kuwa la mtu aliyetoka kuugua malaria, au aliyeshinda njaa, au aliyezika juzi. Kutoka nje yanafanana kabisa. Giza lilelile linalomficha mtegeaji linamficha pia anayejitoa mpaka tone la mwisho. Katika mtumbwi mzima kuna kiti kimoja tu ambacho ukweli wake unaujua, nacho ni chako.

Na kama wenzangu wanategea kweli?

Hili ndilo mnaloniuliza mara nyingi, na lina uchungu wake. "Frateri, mimi navuta, wao wamekaa. Si nitakuwa mjinga?"

Kwanza, Injili haikulazimishi kunyamaza. Mathayo sura ya 18 inatupa utaratibu: nenda kwa ndugu yako, wewe na yeye peke yenu, umwambie. Usianzie kwenye kundi la WhatsApp. Pili, ni haki pia kupanga kazi ili kila mmoja ajulikane anafanya nini. Gaweni sehemu, andikeni majina. Mtu akiwa na sehemu yake inayojulikana, kutegea kunapungua. Huko si kukosa upendo. Ni kumsaidia mwenzako asiishi na ile pete kidoleni.

Lakini usitegee kwa sababu mwenzako ametegea. Hapo utakuwa umemkabidhi yeye dhamiri yako. Mtumbwi ambao kila mtu anamsubiri mwingine aanze kuvuta unachukuliwa na upepo, hata kama wote waliomo wana nguvu.

Aliyekuwa anatazama kutoka nchi kavu

Sasa turudi kwenye lile jibu la mwanzo: Mungu anaona. Marko sura ya 6 ina habari ambayo sisi watu wa ziwani tungepaswa kuipenda sana. Yesu amewalisha watu, amewaambia wanafunzi watangulie kwa mashua, na yeye amepanda mlimani kusali. Usiku umeingia. Mashua iko katikati ya ziwa, yeye yuko peke yake nchi kavu. Marko anasema aliwaona wakitaabika kwa kupiga makasia, kwa sababu upepo ulikuwa wa mbisho.

Aliwaona! Usiku, kutoka mbali, wakati wao hawakujua kama kuna anayewaona. Na alipowaona, alifanya nini? Marko hatuambii kwamba alihesabu nani anavuta na nani anategea. Anatuambia kwamba karibu na alfajiri aliwaendea juu ya maji, akawatuliza, akapanda chomboni pamoja nao, na upepo ukakoma.

Hivyo ndivyo Mungu anavyoona. Jicho lake ni la mtu anayekuja kusaidia. Ukilielewa hivyo, "Mungu anaona" linaacha kuwa tishio na linakuwa faraja kwa kila aliyeandika ile kazi peke yake usiku wa manane, kwa mama anayeamka saa kumi kwenda Mwaloni kutafuta ada, kwa kijana anayemuuguza baba yake na hakuna anayemsifu. Jasho lako halijapotea. Kuna mmoja aliyeliona tangu saa za giza, na anakuja.

Naye mtegeaji? Habari hii ni njema kwake pia. Anayeonwa na jicho la namna hiyo hana haja ya kuendelea kujificha. Kasia bado liko mkononi, na safari haijaisha.

Kwa juma hili

Chagua kundi moja ulilomo: la masomo, kwaya, jumuiya, kazini au nyumbani. Jiulize mbele ya Mungu, bila kumtaja mtu mwingine yeyote: uzito wangu umekaa kwenye mabega ya nani? Kisha tafuta kazi moja ndani ya kundi hilo ambayo hakuna atakayejua umeifanya. Ifanye vizuri mpaka mwisho. Usimwambie mtu.

*Ee Yesu, uliyewaona rafiki zako wakihangaika usiku ziwani, unione na mimi. Nisaidie kuvuta sehemu yangu hata pasipo na wa kunisifu. Uwatie nguvu wanaobeba mzigo nilioukwepa, na unipe moyo wa kuurudisha mabegani mwangu. Amina.*

Tafakari njema!