Nani Atalipa Dinari Mbili?



Vijana wenzangu, leo chukueni Biblia mfungue Luka 10:25-37, habari ya Msamaria mwema. Tunaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, eeh? Lakini kuna kitu huwa tunakiruka: gharama. Yule Msamaria alitumia mafuta na divai yake, akampandisha majeruhi kwenye mnyama wake, na kesho yake akampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Tena akaahidi kulipa zitakazozidi. Majeraha yana bei, na lazima mtu ailipe.

Mwaka wangu wa uchungaji niliufanya hapa Kigoma. Jioni moja baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi alinivuta pembeni. Mkono wa kulia ameufunga na kanga. "Frateri, baba watoto kanipiga tena. Nifanyeje?" Mimi, na digrii yangu ya falsafa, nikamjibu: "Vumilia mama, beba msalaba wako." Akasema "haya," akaondoka. Nami nikaenda kusali Masifu ya Jioni, roho imetulia kabisa.

Kuhani na Mlawi walipita kando kimyakimya. Mimi nilipita kando huku nikihubiri.

Baadaye ndipo nikajua ile "vumilia" ilimgharimu nini. Mkono ulikuwa umevunjika. Dagaa wanataka kutandazwa, kugeuzwa juani, na mvua ikitishia wakusanywe mbio. Kwa mkono mmoja utaweza? Mzigo ukanyeshewa, ukaoza, na mtaji wenyewe ulikuwa mkopo wa kikoba. Hela ya matibabu ikatoka kwenye akiba ya daftari na sare za mtoto. Mbalamwezi ilipokwisha na wavuvi wakarudi ziwani, wenzake walipokea mzigo mpya. Yeye alikuwa nyumbani, anadaiwa.

Na si yeye peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kupigwa na mwenzi au kufanyiwa ukatili wa kingono. Wanaopigwa na wenzi wao hupata sonona karibu mara mbili zaidi ya wengine, na mimba zao huharibika zaidi. Kofi linapigwa usiku mmoja, deni linalipwa miaka, na watoto wanalirithi.

Sasa, msalaba je? Yesu aliutoa uhai wake kwa hiari ili atuokoe. Hakumpa mume yeyote ruhusa ya kumsulubisha mkewe. Kanisa lenyewe, katika Sheria zake za mwaka 1983, kanuni ya 1153, linasema mwenzi anayemhatarisha vibaya mwenzake, roho au mwili, anampa sababu halali ya kutengana naye. Kifungo cha ndoa kinabaki, lakini kukaa upigwe si masharti ya sakramenti. Na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumwadhibu mwenzi kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu.

Nilirudi kumwomba yule mama msamaha. Akaniambia, "Frateri, siku ile nilitaka mtu wa kunisindikiza polisi tu."

Basi hizo ndizo dinari zetu mbili. Akikuambia, mwamini. Msindikize Dawati la Jinsia na Watoto, apate PF3, kisha hospitali. Kaeni naye foleni. Jumuiya ichange nauli na mtaji, kama tunavyochangia harusi. Kaka, ukijiona mkono unakuwa mwepesi kwa mchumba wako, tafuta msaada kabla ya kutangaza ndoa. Dada, anayekupiga kwenye uchumba hatabadilishwa na pete.

Ee Yesu, utusamehe kwa mara zote tulizopita kando. Utupe mikono ya kufunga majeraha, na mifuko iliyo tayari kulipa. Amina.