Vigawo Kabla ya Kuonekana

Namba 147,573,952,589,676,412,927 hupatikana kwa kuzidisha 2 sitini na saba pamoja, kisha kutoa 1. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliiweka katika orodha ya namba alizodai ni tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Dai hilo lilidumu zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1876 Édouard Lucas, naye Mfaransa, alithibitisha kuwa Mersenne alikosea. Ajabu ya njia yake ni kwamba haitafuti kigawo chochote. Kwa sura inayofundishwa leo, huanza na 4: izidishe kwa yenyewe, toa 2, upate 14, rudia, upate 194, endelea hivyo, kila mara ukibaki na baki tu la kugawanya kwa namba inayopimwa. Baada ya hatua 65, baki likiwa sifuri, namba ni tasa. Kwa namba hii baki si sifuri. Kiswahili kimelichukua neno tasa kwa asiyezaa; basi ilijulikana kwa yakini kuwa namba hii si tasa, na hakuna aliyewahi kumwona hata mtoto wake mmoja.

Walionekana mwaka 1903. Katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Mmarekani Frank Nelson Cole aliandika ubaoni 193,707,721 × 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno; alizidisha hadi mwisho na ukumbi ukampigia makofi. Mwenye kalamu anaweza kuonja kidogo: 721 × 287 ni 206,927, na 927 ndizo tarakimu tatu za mwisho za namba yenyewe.

Je, kabla ya siku ile 193,707,721 ilikuwa kigawo? Kwa Mtakatifu Augustino, kwamba 7 na 3 ni 10 ni kweli isiyoanza wala kukoma, na akili ya mtu huikuta tu. Mholanzi L. E. J. Brouwer alishika upande mwingine: hisabati ni kazi ya akili, na hakuna ruhusa ya kusema kitu kipo pasipo njia ya kukifikia. Lakini hapa hata Brouwer hana pingamizi, kwa kuwa njia ipo. Kujaribu 3, 5, 7 na kuendelea kutakifikia kigawo siku moja, hata kama umri wa mtu mmoja hautoshi. Tena vigawo vyote viwili ni tasa, kwa hiyo hakuna jozi nyingine ambayo Cole angeweza kuiandika. Chaki haikuwa na hiari. Hoja hiyo ina nguvu kuliko zote: kilichoongezeka mwaka 1903 ni kuona, wala si ukweli.

Hali ya 1876 bado ipo kwa namba nyingine. Zidisha pamoja 2 zilizo 16,777,216 kwa idadi, kisha ongeza 1: tarakimu zake hupita milioni 5. Mwaka 1999 ilithibitishwa kuwa si tasa, na hakuna kigawo chake hata kimoja kilichotangazwa. Kilicho kidogo kuliko vyote, ukiacha 1, huishia na 1, 3, 7 au 9, na tarakimu hiyo ni moja tu kati ya hizo nne.