Nyumba inaweza kulipa deni ya damu?

Hapa kwetu, siku ya kumaliza matanga, mzee mmoja anasimamaka na kuuliza: «Nani anamdai marehemu? Na yeye alikuwa anamdai nani?» Deni haizikwi na mtu, inabaki kwa watoto. Desturi hiyo ilinirudilia kichwani ile siku nilipotembelea Msikiti Mkuu wa Paris.

Ni nyumba nyeupe yenye vigae vya kijani na mnara wa metre 33. Mgeni analipa tikiti, anatembea polepole katika bustani na ua; mahali pa sala panabaki pa wenye kusali. Msikiti huu ulijengwa juu ya kuwakumbuka Waislamu wa makoloni waliokufa wakiitetea Ufaransa katika vita ya 1914-1918. Mwaka wa 1920 bunge la Ufaransa lilitoa franga 500 000 kwa kazi hiyo. Tarehe 15 Julai 1926 rais Gaston Doumergue akaufungua, pamoja na Sultani Moulay Youssef wa Moroko.

Shukrani nzuri, si ndiyo? Lakini wakati huo Waislamu wa Algeria walikuwa bado wanatawaliwa, bila haki sawa na Wafaransa. Uhuru ulikuja mwaka wa 1962, tena kwa damu nyingine. Sasa baba unamjengea nyumba ya sala, na mtoto wake unamnyima kiti? Namna gani hiyo?

Wengine watasema: basi nyumba ile ni uongo mtupu. Mimi nasema hapana. Nyumba si malipo, ni kukubali deni mbele ya watu. Na mwenye kukubali deni hawezi tena kukana, mtoto wa marehemu anaweza kuionyesha kwa kidole na kusema: «Mliandika wenyewe.»

Na sisi? Mwezi wa Septemba 1916 askari wa Force Publique waliingia Tabora. Nyuma yao walikuwa maelfu ya wapagazi, wakibeba risasi na chakula. Wengi hawakurudia nyumbani. Ni kweli, Mbeleji ndiye aliwatuma, deni ni yake kwanza. Lakini katika jamaa zetu, nani bado anataja majina yao? Tukinyamaza, mwenye deni naye atanyamaza.

Wazee walisema: dawa ya deni ni kulipa. Lakini kabla ya kulipa, lazima mtu asimame katikati ya matanga na kuuliza. Kazi hiyo haiombi franga 500 000. Inaomba mdomo tu, na moyo wa kutoogopa jibu.