Mfano Ndio Unaonakiliwa

Wanangu mnaotunza programu huria za kuingia mara moja, kazi yenu haina shangwe. Inayosifiwa ni seva. Seva ya CAS, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Yale na leo iko chini ya shirika la Apereo, inajulikana na mafundi wengi wa mifumo ya vyuo. Lakini ile programu teja inayokaa ndani ya mfumo wa matokeo au wa ada, ikapokea tiketi na kurudi kwa seva kuuliza kama ni halali, haina msemaji. Na humo ndimo mwizi hupita.

Chukueni phpCAS, programu teja ya PHP. Katika mfano wake mwepesi, mstari unaotaka cheti cha seva kikaguliwe umefungwa kwa alama ya maoni. Unaofanya kazi ni setNoCasServerValidation, yaani zima ukaguzi. Onyo lipo, tena kwa herufi kubwa. Nani hulisoma? Fundi kabanwa na bosi, jioni imeingia, cheti kinagoma. Ananakili mfano mzima, ukurasa unafunguka, huyo anakwenda zake nyumbani. Tangu hapo, anayeweza kujipenyeza kati ya mfumo na seva atajifanya seva na kuikubali tiketi yoyote ya kughushi. Msimlaumu fundi. Watu hunakili mfano, na maelezo huyatafuta mambo yakishaharibika. Basi mfano wa kwanza uwe ule wenye cheti, na papo hapo semeni cheti kinapatikana wapi, na ni kosa gani litajitokeza njia ya faili ikikosewa. Ule wa majaribio upelekeni kwenye faili yake.

La pili ni kuambiana, nalo ni gumu zaidi. Mwaka 2022, toleo la 1.6.0 la phpCAS liliziba udhaifu mbaya: programu ilikuwa inakisia anwani yake yenyewe kutokana na vichwa vya ombi, ambavyo mshambuliaji anaweza kuvichezea. Dawa ikawa kumlazimisha msanidi aitaje anwani hiyo mwenyewe, kwa hiyo msimbo wa zamani ukagoma baada ya kusasishwa. Kuvunja kwa namna hiyo ni halali kabisa, mimi naunga mkono. Ila wako waliobeba phpCAS ndani ya programu zao, kama Moodle ilivyofanya wakati huo, nayo vyuo vyetu vingi vinaitegemea. Hao wapigieni hodi mapema. Badiliko linalovunja liwe mstari wa kwanza wa maelezo ya toleo, pamoja na msimbo wa kabla na wa baada. Wanaotunza programu teja za Java, za Python na za Apache nao waulizwe: kwenu kosa hili lipo?

Na anayegundua udhaifu apewe anwani ya faragha ya kuripoti, yenye mtu anayejibu. Mtu huyo akiacha kazi, badilisheni anwani siku hiyo hiyo.