Sahihi ya Mtu Mwenye Njaa

Maandiko ya wiki: Mwanzo 25:29-34, Kumbukumbu la Torati 24:6, 14-15, Mathayo 20:1-8

Somo la wiki hii linahusu karatasi. Ni ile karatasi unayopewa langoni mwa shamba la maua, ama katika ofisi ya ajensi hapa mjini, ukaambiwa: weka sahihi hapa, na hapa, kisha ingia kazini. Wengi wetu tumeiweka. Na wengine wetu ndio tunaoitoa, maana kanisani humu tuna vibarua, tuna masupavaisa, na tuna ndugu wanaotafutia mashamba wafanyakazi. Kwa hivyo somo ni letu sote.

Nyingine za karatasi hizo zina maneno mawili mazito. La kwanza, kwamba wewe si mwajiriwa wa shamba wala wa ajensi. Wewe ni kontrakta, mtu anayejitegemea. La pili, kwamba umekubali kwa hiari yako kutodai likizo, wala NSSF, wala malipo ya mwisho. Msimu wa maua ya Februari umefika, watu wamepanga foleni tangu alfajiri, kutoka Karagita, Kasarani na Kwa Muhia. Nani atasimama kusoma kurasa nne? Unaweka sahihi.

Swali letu ni hili. Kama mtu mzima mwenye akili timamu ametia sahihi na kuacha haki yake, je, yule aliyeipokea hiyo haki ametenda dhambi? Ama tuseme walikubaliana, yakaisha?

Tusikimbilie kulaumu. Mwenye ajensi naye ana maneno yake, na si ya kutupa. Atakuambia: mimi sikumlazimisha mtu. Msimu ukiisha shamba halinihitaji, nitawalipa na nini? Tena kuna vibarua wanaonifuata wenyewe wakisema, tafadhali usinikate, nipe pesa yangu yote mkononi. Kweli wapo. Na kuwa mtu wa katikati si dhambi. Katika Mathayo 20 mwenye shamba la mizabibu ana msimamizi wake, na huyo ndiye anayelipa vibarua jioni. Lakini angalia: ni mwenye shamba anayemwagiza msimamizi awaite na kuwalipa. Hakuwaambia wale watu, mimi siwajui, muulizeni msimamizi.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme dada analipwa shilingi 15,000 kwa mwezi kama mwajiriwa. Kodi ya mshahara, yaani PAYE, haimgusi, kwa sababu mshahara hadi 24,000 unafutiwa kodi na nafuu ya shilingi 2,400. Atakatwa NSSF asilimia 6, ambayo ni 900. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ambayo ni 225. Na bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, karibu 413. Jumla ni kama 1,540. Inauma, hatukatai. Lakini mwajiri naye analazimika kuongeza 900 za NSSF na 225 za nyumba kutoka mfukoni mwake. Akiitwa kontrakta, zile 900 za mwajiri, ambazo zingekuwa akiba yake ya uzeeni, zimepotea. Na SHA bado anatakiwa kujilipia mwenyewe.

Na hizo ni pesa tu. Mwajiriwa akimaliza miezi 12 ana siku 21 za likizo yenye malipo. Akijifungua ana miezi 3. Akiumia kazini, sheria ya fidia ya mwaka 2007 inamlinda. Kontrakta akiteleza kwenye kitalu au dawa ikamwingia machoni, ataambiwa: wewe ni mwenye biashara, jitibu. Biashara gani, mpendwa? Mkasi ni wa shamba, gamboti ni za shamba, saa ya kuingia ni ya shamba, na ukichelewa dakika kumi unarudishwa nyumbani. Huyo ni mwenye biashara wa aina gani?

Twende kwa Esau. Alirudi kutoka porini amechoka, ana njaa, na Yakobo ana chakula jikoni. Yakobo hakumwibia. Alimtajia bei, akamwapisha, na Esau akaapa. Kila kitu kilifanyika kwa kukubaliana. Ingekuwa leo tungesema mkataba ulitiwa sahihi mbele ya mashahidi. Na Biblia haimwachi Esau. Inasema alidharau haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Kwa hivyo mtu asiseme njaa inaondoa lawama yote.

Lakini tukiishia hapo tumesoma nusu. Yakobo alikwenda Padan-aramu, akaajiriwa na mjomba wake Labani. Katika Mwanzo 31 tunamsikia akilalamika kwamba mshahara wake umebadilishwa mara kumi. Yule aliyenunua haki ya mtu mwenye njaa alikuja kujua vile mtu asiye na kwao hujisikia mbele ya mwenye mali. Alikubali masharti ya Labani kila mara, kwa sababu angefanya nini? Kukubali kwake hakukumfanya Labani awe mwenye haki. Mungu aliona, na Yakobo mwenyewe anashuhudia hivyo.

Sasa Torati inakwenda mbele zaidi. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani ya deni. Sababu inayotolewa ni kwamba kuchukua jiwe hilo ni kuchukua uhai wa mwenyewe. Jiulize, nani angepeleka jiwe lake la kusagia kwa mkopeshaji? Si ni yule yule mwenye deni? Angelibeba kichwani kwa hiari yake na kusema, nishikie hili, nipe unga. Na Mungu hamwambii maskini asilipeleke. Anamwambia mwenye nguvu asilipokee. Mzigo wa kukataa umewekwa kwa yule ambaye watoto wake hawatalala njaa akikataa.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Kuna vitu ambavyo hata mwenyewe akikupa, huna ruhusa ya kuvichukua. Sahihi ya mtu mwenye njaa inaonyesha njaa yake. Haionyeshi kwamba ameridhika.

Na inashangaza vile sheria ya nchi yetu inasema jambo linalofanana. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 3, inasema masharti yaliyomo ndiyo ya chini kabisa, na makubaliano yoyote ya kuyaacha ama kuyapunguza hayana nguvu. Kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri aeleze mkataba kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, kama hasomi ama haelewi lugha iliyoandikwa. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, anahesabiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Ndiyo maana kuna mahali watu hupumzishwa siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha wakaitwa tena kama wageni. Na mahakama ya kazi haiangalii jina lililoandikwa juu ya karatasi peke yake. Inaangalia nani anaamuru kazi, nani ana vifaa, nani anapanga saa. Unaweza kuandika "punda" ubavuni mwa ng'ombe, lakini asubuhi bado utakamua maziwa.

Nisije nikaonekana nasema na upande mmoja. Kuna ndugu zetu wenye ujuzi, mafundi na wahasibu, wanaolipwa vizuri kupitia ajensi. Hawa wanapenda kuitwa kontrakta, kwa sababu wanakatwa asilimia 5 ya ada ya kitaalamu, wakati PAYE ingefika asilimia 30 kwa sehemu ya juu ya mshahara wao. Mpendwa, ile asilimia 5 si mwisho wa kodi. Unatakiwa kutangaza mapato yote katika ritani yako ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni, na kulipa kilichobaki. Ukiwa kontrakta wa kweli, mwenye wateja wake na vifaa vyake, amani kwako. Lipa kilicho cha Kaisari. Lakini kama una bosi mmoja, dawati moja na zamu ya kila siku, na jina hilo mmelichagua ninyi wawili ili kupunguza kodi, hapo hakuna mwenye njaa. Hapo kuna watu wawili wanaosema uongo pamoja.

Na wewe kibarua unayeomba usikatwe, sikia hili kwa upole. Ukikubali leo, kesho dada anayekataa ataambiwa, mbona wenzako wamekubali? Njia yako ya mkato inakuwa kuta mbili kwa mwenzako.

Basi tufanye nini? Kama umeweka sahihi kwa sababu ya njaa, usitembee na hukumu moyoni. Lakini chukua nakala, ama piga picha ya karatasi kwa simu. Andika siku ulizofanya kazi. Angalia taarifa yako ya NSSF uone kama kinachokatwa kinafika. Ukiwa na shida, kuna ofisi ya leba, kuna chama cha KPAWU cha wafanyakazi wa mashamba, na kuna mahakama ya kazi Nakuru. Usikae sana, maana dai la kazi kwa kawaida huisha baada ya miaka 3.

Na wewe ndugu unayetoa hiyo karatasi, una nafasi ambayo kibarua hana. Unaweza kufuta mstari. Unaweza kumwambia mwenye shamba, bei yangu imepanda kidogo kwa sababu watu wangu wana NSSF. Huenda ukakosa kandarasi moja. Tunajua ni gharama, na tutaomba na wewe. Lakini Kumbukumbu la Torati 24:15 inaonya kwamba maskini aliyedhulumiwa anaweza kumlilia Bwana juu yako, na kilio hicho hakisikizi kusema kwamba alitia sahihi.

Maswali ya seli wiki hii:
1. Ni "jiwe la kusagia" gani katika kazi yako ambalo hakuna mtu anafaa kulipokea, hata ukimpa?
2. Esau na Yakobo, kila mmoja alikosa wapi? Wewe wiki hii umesimama upande gani?
3. Kama mshiriki wa seli yetu angekataa karatasi na kukosa kazi ya mwezi mmoja, seli yetu ingemfanyia nini? Andikeni majina ya watakaotoa unga.

Tuombee kila anayepanga foleni langoni Jumatatu asubuhi, na kila anayefungua hilo lango. Amina.